Pale Sindano Inaporuka

Habari ya kifo cha Mama Ngalula ilinikuta Kasaji, nimekaa juu ya gunia la mahindi nikisubiri lori lililokuwa limeharibika njiani. Ningependa kuandika kwamba huzuni ndiyo iliyotangulia. Haikutangulia. Nilichofikiri kwanza ni kwamba Domi ameshajua; kwamba Domi yuko Dilala tayari, amepewa kiti karibu na familia, na watu wanaoingia kulia wanampa pole yeye kabla ya watoto wa marehemu. Ndipo nikalia. Nimefika umri wa watu wenye wajukuu, mvi zimenijaa hadi ndani ya masikio, na bado moyo wangu hukimbilia kwa Domi kwanza, kama mbwa anayeijua njia ya jikoni. Nimeishi miji mingi bila kudumu katika wowote, nimefanya kazi ambazo nyingine hazina hata jina. Lakini wivu nilioupata katika mwaka mmoja wa ujana, ndani ya sebule, saluni kama wanavyoiita kule, ya mwanamke mmoja wa Dilala, sikuuacha katika mji wowote. Nimeubeba kama watu wengine wanavyobeba kitambulisho.

Nilifika Kolwezi mwaka ule kutoka Kisenge, mji wa migodi ya manganizi, nikiwa nimeiacha shule kabla haijaniacha. Ya nyumbani kwetu nayaweka kando. Hayana muziki ndani yake. Kilichonileta ni santuri. Wakati ule kazi ya migodi mikubwa ilikuwa imelala, vijana wa kila pembe ya Kongo walikuwa wameanza kumiminika na masururu na magunia kuchimba shaba na kobalti kwa mikono yao, na familia za wafanyakazi wa zamani, nyingi zikiwa za asili ya Kasai, zilikuwa zinauza vitu vya nyumbani kimoja kimoja: kwanza friji, kisha viti, kisha kabati. Ndani ya kabati kulikuwa na santuri. Nilipita nyumba hadi nyumba na mfuko begani nikiulizia hizo tu, na si zote. Sikutaka rumba, rumba ilikuwa kila mahali kama vumbi. Nilitaka funki: ngoma kavu, tarumbeta zinazokatiza maneno ya mwimbaji, besi inayotembea kama mtu aliyeiba na hana haraka. Katika ujana wa baba zetu kila mji wa migodi ulikuwa na orkestra yake, na baadhi zilipiga funki hiyo, zikatoa santuri ndogo chache, kisha zikasahaulika. Kadiri santuri ilivyokuwa adimu ndivyo nilivyoitaka. Nikisikia ziko mbili, hamu inapungua. Nikisikia iko moja, sili.

Mama Ngalula alinipa chumba cha uani kwake, katika mtaa wa Dilala, mimi nikawa namchotea maji na kuziba mabati. Nyumba yake ilikuwa kama zote za mtaa ule, ya matofali, iliyojengwa zamani kwa ajili ya watu wa mgodi, yenye baraza fupi na mpera mmoja. Lakini saluni yake haikuwa kama nyingine. Sakafu ya sementi nyekundu alikuwa akiipaka nta kila Jumamosi hadi ukaona miguu yako ndani yake. Viti vilivaa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Ukutani kulikuwa na picha ya marehemu mumewe, Tata Kalonji, aliyekuwa fundi wa mitambo siku za kazi na mpiga saksafoni wa orkestra Super Malakiti siku za Jumamosi. Katika picha ile ameikumbatia saksafoni, na shavu lake moja limevimba kana kwamba mpiga picha alimshika katikati ya pumzi. Chini ya picha, juu ya kabati dogo, ilikaa mashine ya santuri yenye kifuniko, na juu ya kifuniko kitambaa kingine. Nimelala katika nyumba nyingi tangu wakati ule. Nikinusa nta ya sakafu popote, najikuta nasikiliza kama kuna sindano inashushwa.

Jumapili, baada ya misa na baada ya chakula, saluni ile ilifunguliwa kwa watu wa mtaa. Hakuna aliyelipa. Uliingia na disiki mkononi, kama walivyoziita wao, na kabla haijawekwa kwenye mashine ulisimama ukasema imetoka kwa nani, na huyo aliipata kwa nani, na kuendelea hadi pale ujuzi wako unapokoma. Watu wa Kasai wana desturi ya kumsifu mtu kwa kuwataja waliomzaa. Pale kwa Mama Ngalula walizifanyia santuri vivyo hivyo. Domi alikuwa bingwa wa mambo hayo. Alikuwa rika langu, mzaliwa wa nyumba ya tatu kutoka pale. Asubuhi alichimba na wenzake, mchana alirudi na vumbi la kijani kwenye nyusi, akaoga, akavaa shati jeupe. Alisimama na kusema, "Hii iko ya tata yangu, mwenye aliipata kwa katekista Mukendi, mwenye aliachiwa na Mugiriki wa duka ya mikate, siku Mugiriki alirudia kwabo." Watu wakaitikia kwa kila jina. Ikifika zamu yangu, nilikuwa na la kusema moja tu: nimeinunua kwa mama fulani wa mtaa wa pili. Kisha kutoka kwenye kona ikaja sauti ya mzee mmoja: "Haya, yatima naye akule." Na wote wakacheka, hata mimi. Santuri zangu ziliitwa yatima. Zilikuwa nzuri kuliko za Domi, adimu kuliko za Domi, na bado niliziona zinaingia saluni ile kama watoto wasio na viatu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Domi hakujali uadimu. Alichopenda kuliko vyote ni albamu moja ya mkusanyo, yenye jalada la njano, iliyotengenezwa Ulaya; ndani yake nyimbo za funki za Ghana, Nijeria, Amerika na visiwa ambavyo hatukujua kuvitamka, kila wimbo wa mtu wake. Aliijua kwa mfuatano wake, hata ukimya ulio kati ya wimbo na wimbo aliujua, akiinua kidole kabla tu ngoma ya wimbo unaofuata haijaanza. Mimi nilimwambia mkusanyo ni chakula cha kutafuniwa, mtu mwingine amekuchagulia. Tulikuwa tunakula, nakumbuka, bukari, ugali wao, na sombe ya majani ya muhogo na samaki wadogo wa kukaushwa, Mama Ngalula ameketi kati yetu akitukatia bukari.

"Disiki ya peke yake ni kula bukari nyuma ya mulango," Domi alisema. "Mkusanyo njo kama kilio, Kisenge. Kila mutu anakuya, hata bale habajuane, banakaa pamoja."

Kisenge lilikuwa jina langu pale. Hawakuwahi kunipa jingine.

"Kwenye kilio hakuna mutu anasikilizaka," nikajibu.

"Na kwenye kilio," Mama Ngalula akasema bila kuinua macho, "balafi banakula kupita benye kufiwa. Kisenge, rudisha ile kichwa ya samaki mu sahani ya mwenzako."

Alimwita Domi mwanangu. Mimi aliniita kwa jina la mji. Domi aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha. Mimi niliyelala uani mwake nilizunguka hadi mlango wa mbele. Domi alijua kwamba Mama Ngalula anapenda chai yenye tangawizi nyingi na sukari kidogo, na mimi nilipoijua hiyo nikaipika, akasema, "Leo Domi amepika muzuri." Mtu asiyewahi kuonea wivu kikombe cha chai hatanielewa.

Mwisho wa kila Jumapili ulikuwa mmoja. Mama Ngalula mwenyewe alifungua kabati, akatoa santuri ndogo iliyofungwa ndani ya leso, akaiweka. Hiyo haikutajiwa ukoo. Picha ilikuwa ukutani. Ilikuwa "Mukuba" ya Super Malakiti, na mtaani watu waliapa kwamba hakuna nyingine duniani. Nimesikia funki nyingi tangu wakati ule, za watu wenye majina makubwa, lakini mwanzo wa "Mukuba" bado hunipandisha nywele: gitaa linakwaruza peke yake, besi inaingia kama mtu anayekuja kudai chake, kisha saksafoni ya Tata Kalonji inatokea pembeni, haisemi mengi. Katikati ya wimbo kulikuwa na mkwaruzo. Sindano ikifika pale inaruka, inaacha kipande, inaangukia mbele, mahali ambapo saksafoni inarudi kwa nguvu. Na saluni nzima iliruka nayo. Walijua wakati wenyewe, kina mama na vitenge vyao, wazee na fimbo zao, wote waliinua mguu mmoja, wakapiga kelele "Ruka!", wakashuka juu ya saksafoni. Niliwahi kuona bendi ya vijana ikipiga "Mukuba" kwenye harusi ya Dilala. Walipofika pale wakakiacha kile kipande, kwa kuwa walijifunza wimbo kwa santuri ile na hawakujua kwamba kuna kilichokosekana. Bwana harusi aliruka. Bibi harusi aliruka, na shela yake. Nilisimama pembeni nikitafuna chikanda, ule mkate wa mizizi, na kuwaza jambo moja: kile kipande kina nini?

Mvua zilikuwa zinakaribia kwisha Mama Ngalula alipotuambia kwamba wakati wa baridi atahamia Lubumbashi kwa binti yake, katika nyumba ya ghorofa. "Kule hakuna fasi ya disiki," akasema. "Zingine mutagawana na bajirani. 'Mukuba' nitaachia mutu mumoja, Domi ao Kisenge. Bado naangalia." Alisema hivyo huku akikunja nguo, bila uzito wowote, na kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nilimchunguza Domi kama mwizi anavyochunguza kufuli. Nilihesabu vicheko vyake. Akimletea mkaa, mimi nilileta zaidi. Akisifu mboga, mimi niliomba kuongezewa hata kama nimeshiba. Nilijua nashindwa. Haiwezekani kumshinda mtu kwa wema wa mazoea wakati wake ni wa kuzaliwa nao. Basi nikatafuta njia yangu, njia ya mtu wa barabara: kama siwezi kuwa mwana wa nyumba, nitaleta kitu ambacho mwana wa nyumba hana miguu ya kukifuata.

Fundi wa cherehani aliyewahi kupiga ngoma katika Super Malakiti aliniambia, huku akikata suruali, kwamba mwimbaji mmoja wa orkestra bado anaishi Likasi, na kwamba huenda ana sanduku la santuri. Sikuuliza zaidi. Nilipanda lori la magunia, nikafika nimejaa unga wa udongo kama mkate. Nilielekezwa kwa mwanamke mrefu, mzee kiasi, anayeuza samaki wa kukaushwa karibu na soko. Chumba chake kilikuwa kidogo na safi mno, chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda, redio bila betri. Aliniandalia chai kabla ya kuniuliza shida yangu. Nilipotaja "Mukuba" aliinama chini ya kitanda, akavuta sanduku la bati, akatoa santuri ambayo naapa haikuguswa na sindano mara nyingi. Ilikuwa nyeusi, inang'aa kama macho ya mtoto. Alisema orkestra ilimpa siku ile ile ilipotoka. Hakutaka malipo.

"Unakaa kwa nani kule Kolwezi?" akauliza.

"Kwa Mama Ngalula, Mama. Bibi ya marehemu Kalonji."

Aliifuta santuri kwa pindo la kitenge, ingawa haikuwa na vumbi. "Alikufa," akasema, si kama swali. Kisha: "Usalimie nyumba ya Kalonji."

Mimi niliyeuliza kila kitu maishani, mimi niliyewahi kumuuliza padri kama shetani hulala, sikumuuliza yule mama lolote. Nilikuwa na haraka. Njia nzima ya kurudi niliishika santuri kifuani chini ya shati, na kwa mara ya kwanza katika mwaka ule niliwaza habari za Domi kwa huruma.

Jumapili iliyofuata nilisubiri hadi wote wameketi. Domi alikuwa kwenye mlango wa jikoni akimenya karanga. Nikasimama katikati ya ile sakafu nyekundu.

"Hii disiki si yatima," nikasema. "Iko 'Mukuba', nzima, haina mukwaruzo. Inatoka Likasi. Nimeipata kwa mama mwenye aliimbaka mu Super Malakiti, naye aliipata mu mikono ya orkestra yenyewe, siku ile ile ilitoka. Hakuna mutu mwingine katikati."

Nilingojea kelele. Mzee wa kwenye kona, yule wa mayatima, aliweka chini kikombe chake cha munkoyo taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha pombe yenyewe. Hakuna aliyeitikia. Domi alikuwa ameacha kumenya.

"Eko muzima?" Mama Ngalula akaniuliza.

"Eko muzima, Mama. Anauzaka samaki. Anasalimia nyumba ya Kalonji."

"Anasalimia nyumba."

"Ndiyo, Mama. Njo vile alisema."

Alilaza mikono juu ya mapaja. "Weka basi disiki yako, Kisenge. Desturi ni desturi."

Nikaiweka. Gitaa lilitoka safi kuliko tulivyowahi kulisikia, besi ikaingia, saksafoni ikatokea pembeni. Watu wakaanza kusimama kwa mazoea, ingawa polepole, wakitazamana. Mama Ngalula naye akasimama. Akavuka sakafu, na kabla tu ya mahali pale, akaunyanyua mkono wa sindano kwa vidole viwili, akauweka kando.

"Bukari inapoa," akasema, akaenda jikoni. Tulikuwa tumeshakula.

Domi ndiye aliyenieleza, kwenye mpera, watu wakiwa wanaondoka bila kuaga vizuri. Hakunipigia kelele, na hilo nalo sikumsamehe.

"Weye unaulizaka bitu yote, Kisenge. Juu ya nini hii haukuuliza?"

"Niulize nini?"

"Ule mukwaruzo. Ulifikiri ni sindano ilifanya? Ni musumari. Mama mwenyewe, na mukono yake. Pale mu wimbo kuko sauti ya ule mwanamuke wa Likasi. Mama hakutaka ile sauti mu nyumba yake." Alitupa maganda ya karanga. "Tata Kalonji alitoka kazi, akaweka disiki, ikaruka. Akaweka tena, ikaruka. Mama alikuwa anamuangalia tu. Njo Tata akainua muguu, akaruka pamoja na disiki. Akaweka tena, akaruka tena, mpaka Mama akacheka. Shiye batoto tulikuwa kwenye dirisha. Tukaruka naye. Dilala yote ilijifunza pale."

"Na ile sauti inasemaka nini?"

"Sijue," Domi akasema. "Na sitaki kujua."

Nimeirudia kauli ile mara nyingi. Mtu anawezaje kusimama mlangoni mwa jambo maisha yake yote na asitamani kuchungulia? Lakini usiku wala mchana haukupita wakati ule bila mimi kuliona lile dirisha, na watoto wamejipanga, na Domi mdogo katikati yao, akijifunza kuruka kwa mwenye wimbo mwenyewe. Santuri niliweza kuitafuta hadi Likasi. Dirisha lile halikuwa na lori la kulifikia.

Baridi ilipofika, gari la kumpeleka Lubumbashi likiwa limesimama nje, Mama Ngalula alimpa Domi ile leso. Nilikuwa nafunga kamba juu ya magodoro. Aliniita, akanishika mkono wenye kamba.

"Usikasirike, Kisenge. Weye uko na disiki nzima. Domi eko na yangu."

Niliondoka Kolwezi kabla mvua hazijarudi. Nilisikiliza santuri yangu hadi mwisho kwa mara ya kwanza katika duka la fundi redio, Solwezi, ng'ambo ya mpaka, mchana wa jua kali, fundi akiwa ameshika bisibisi mdomoni. Ikafika mahali pale, na mwili wangu ukaruka wenyewe, fundi akanishangaa. Ndipo sauti ikaja. Yule mwanamke haimbi sana. Anamwita mpiga saksafoni kwa jina, kama orkestra zote zinavyowaita wapigaji wao: Kalonji. Saksafoni inajibu. Kalonji. Inajibu. Mara ya tatu anaita chini kidogo, kama mtu anayemwamsha mwingine bila kutaka waliolala karibu wasikie, na saksafoni inachelewa. Ni hilo tu. Inawezekana hakuna kitu. Inawezekana ni namna ya kupiga wimbo. Nimeisikiliza katika vyumba vingi na bado sijui, na ninapoisikiliza humwonea wivu Mama Ngalula pia, kwa kuwa wivu wake ulikuwa na mtu ndani yake. Wangu ulikuwa na kabati.

Miaka ilipita, na kijana mmoja kutoka Ulaya akanifuata hadi Kasaji akitafuta funki ya miji ya migodi kwa ajili ya albamu ya mkusanyo. Nilimruhusu kunakili "Mukuba" yangu bila kufikiri mara mbili. Nitasema ukweli: nilitaka dunia nzima iusikie wimbo mzima, ili ile ya Domi ibaki kuwa santuri iliyoharibika. Albamu ikatoka. Nyuma ya jalada, kwa herufi ndogo za shukrani, liko jina Kisenge. Na jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba niliipenda kupita kiasi. "Mukuba" ilikaa kati ya wimbo wa Akra na mwingine wa kisiwa fulani, na pale kati ya wageni besi yake ilisikika nzito zaidi, kama mtu wa kwenu unayekutana naye ugenini. Domi alikuwa amesema kweli kuhusu mkusanyo. Hata hilo alikuwa amelijua kabla yangu. Niliambiwa kwamba yeye alikataa kuisikiliza. Watoto wake wakiipiga, alitoka nje.

Lori likatengenezwa, nikafika Dilala siku ya mwisho ya kilio. Mwili wa Mama Ngalula ulikuwa umerudishwa kutoka Lubumbashi na kuzikwa karibu na mumewe. Nyumba ni ile ile, sasa ya mjukuu wake Nadine; sakafu imepauka, mpera umekatwa, pikipiki za teksi zinapita nje bila kupumzika. Na Domi, kama nilivyomwona akilini juu ya gunia la mahindi, alikuwa ameketi kwenye kiti cha karibu na familia, shati jeupe, goti moja limefungwa kitambaa. Hachimbi tena. Tulishikana mikono. Nilipomuuliza ile disiki iko wapi, alisema iko nyumbani ndani ya leso yake; Dilala nzima haina tena mashine ya kuipiga. Nilijaribu kutofurahi.

Alasiri ile familia ilikwisha kuoga maji ya kumaliza kilio, sufuria zimesuguliwa, munkoyo na bia zimetoka, na watu walitaka kucheza kidogo kumsindikiza marehemu, kama ipasavyo kwa mtu aliyeishi hadi kuchoka. Nadine aliweka spika dirishani, nilipokuwa nimeegemea, akanionyesha simu yake.

"Tata Kisenge, jina yako iko humu! Tunapigia kambo Ngalula wimbo ya bwana yake."

Ningemzuia. Nilikuwa bado natafuta maneno wakati gitaa lilipokwaruza. Wale wa zamani, wachache waliobaki, wakainuka mmoja mmoja kutoka kwenye viti vya plastiki. Vijana wakainuka nyuma yao. Domi alisimama akishikilia mgongo wa kiti, na nikaona anautambua usafi wa sauti ile, anaelewa ni ipi, ananitazama. Hakutoka nje. Ni kilio cha mama yake, angekwenda wapi? Besi iliingia. Saksafoni ikatokea pembeni. Nikafahamu kwamba sauti ile, iliyozuiliwa kwa msumari kuingia katika saluni hii, inakuja kuingia leo, siku ambayo mwenye nyumba hawezi kusimama na kuunyanyua mkono wa sindano. Na aliyeileta, mara ya kwanza na mara hii pia, ni mimi.

Kitufe cha kuzima sauti ya spika kilikuwa chini ya kidole changu. Miguu ikainuka. "Ruka!" wakapiga kelele, na nikabonyeza, na saluni ikawa kimya kabisa, watu wazima wamesimama kwa mguu mmoja kama korongo, wameshikana mabega, wanasubiri. Moyoni nilimsikia yule mwanamke akiita, na akiita tena, na ile mara ya tatu iliyo chini, na kule kuchelewa. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua urefu wake. Nikaachia. Saksafoni ya Tata Kalonji ikatoka chini ya nyayo zao, na wote wakashuka juu yake.

"Sauti imekatika!" kijana mmoja akalalamika.

"Nyamaza, weye mutoto," bibi mmoja akamjibu, hata hakuacha kucheza. "Ile wimbo iko vile."

Wimbo ulipokwisha Domi alikuja dirishani akichechemea, anahema. Alikitazama kitufe, akanitazama mimi.

"Ulijua je fasi ya kurudisha?"

Niliyafahamu macho yale. Nimeyavaa tangu ujana. Alisogea karibu, akashusha sauti ili Nadine asisikie.

"Kisenge. Ule mwanamuke… anasemaka nini pale?"

Hatimaye kulikuwa na kitu ambacho Domi alikitaka na ni mimi peke yangu niliyekuwa nacho. Nilikishika kwa muda mfupi, nikausikia uzito wake.

"Sijue, Domi," nikamwambia. "Hata yangu sindano inarukaka pale."

Hakuniamini. Akakivuta kile kiti chake cha karibu na familia, akanisogezea, na yeye akabaki amesimama kwa goti lake bovu.